Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Raketi na Kanuni za Vifaa Mashindanoni

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika, ambao sehemu kubwa ya kazi yetu ilihusu jambo moja: raketi za pikoboli (mchezo wa kupiga mpira wa plastiki wenye matundu juu ya wavu) ambazo wachezaji wa kulipwa huingia nazo uwanjani. Masuala ya fedha atayaeleza Mhazini.

Vipimo vya umbo havikutusumbua. Kanuni za USA Pickleball, chombo kinachosimamia pikoboli nchini Marekani, zinataka urefu na upana vikijumlishwa visizidi inchi 24, na urefu peke yake usizidi inchi 17, ilhali uzito na unene havina kikomo. Hapo rula inamaliza ubishi. Ugumu unaanzia kwenye uso. Uso wa nyuzi za kaboni wenye mikwaruzo huung'ang'ania mpira na kuuzungusha, ndiyo maana ukali wa mikwaruzo hiyo nao umewekewa kikomo, kinachopimwa kwa mikromita (sehemu moja ya elfu ya milimita), kiwango ambacho jicho la mwamuzi haliwezi kukiona.

Lililotushughulisha zaidi ni kiini. Raketi nyingi za sasa zimejazwa polipropilini, aina ya plastiki, yenye vijumba mithili ya sega la nyuki, na vijumba hivyo vikipondeka kwa mapigo, au uso ukibanduka kutoka kwenye kiini, raketi huanza kuurusha mpira kwa kasi kubwa kuliko ilipokuwa mpya. Kwa sababu hiyo, mwaka 2024 USA Pickleball ilianzisha kipimo cha PBCoR, kinacholinganisha kasi ya mpira unaporudi kutoka kwenye raketi na kasi uliyoijia nayo, na kikomo chake cha kwanza kikawa 0.44. Hata hivyo, idhini hutolewa kwa modeli, kutokana na sampuli zilizopimwa maabara, wala si kwa raketi uliyoipiga msimu mzima. Raketi iliyonunuliwa kihalali inaweza kuharamika mkononi mwa mwenyewe, naye akadhani amepata mkono mzuri.

Katika malalamiko tuliyoyapokea, moja lilimalizwa na mwamuzi aliyeibonyeza raketi kwa kidole gumba kuanzia ukingoni kuelekea katikati: upande mmoja ulikuwa mgumu, wa pili ulibonyea na kutoa mlio wa kukatika. Kwa kuwa mechi haikuwa imeanza, mchezaji alibadilisha raketi bila adhabu. Kasoro hiyo ingegundulika katikati ya mechi, angeipoteza mechi yenyewe, na kanuni haimwulizi kama alijua.

Lipo pia suala la orodha mbili za raketi zilizoidhinishwa. Ziara ya kulipwa ya PPA na ligi ya MLP nchini Marekani zinafuata idhini ya UPA-A, chombo cha pikoboli ya kulipwa, iliyo tofauti na ile ya USA Pickleball, hivyo raketi inaweza kukubaliwa upande mmoja na kukataliwa upande mwingine. Kwa maoni yangu, utengano huu unamuumiza zaidi mchezaji anayepanda daraja, ambaye hana mdhamini wa kumpa raketi ya pili.

Kamati inawaombeni mridhie maazimio mawili: kwamba kila tangazo la mashindano yetu litaje orodha ya raketi itakayotumika, na kwamba raketi zote, pamoja na za akiba, zikaguliwe kabla mchezaji hajaitwa uwanjani. Wanachama watakaotaka marekebisho wayawasilishe kwa Katibu kwa maandishi kabla ya kura kupigwa.

Mwenyekiti