Kivumbasi kwenye chungu hakitoshi kufukuza mbu

Mhariri,

Makala yenu iliyowahimiza wakazi wa Tanga kuotesha kivumbasi na mchaichai nyumbani ili kufukuza mbu imeacha jambo zito. Mmea uliosimama tu barazani hautoshi kwa kazi hiyo. Mafuta yenye harufu yamo ndani ya jani, nayo hutoka zaidi likifikichwa au likipashwa moto. Hata hivyo harufu hupotea upesi, kwa hiyo usiku chandarua kibaki pale pale.

Mchaichai upandwe kwa kikonyo chenye mizizi, katika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini; bila matundu mizizi huoza. Hatari hasa ni kisahani kinachowekwa chini ya chungu. Mbu wa dengi, ambaye huuma mchana, hutaga humo, na kwa joto letu la pwani yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Mayai hunata ukingoni na kustahimili ukavu, hivyo kumwaga maji hakutoshi: kisuguliwe kwa brashi kila wiki, au kijazwe mchanga.

Naomba wauza miche wamweleze hivyo kila mnunuzi, na mabwana afya wakague visahani wanapopita majumbani.

Mpenda bustani,
Ngamiani, Tanga.