Tusimsahau Moore

Mhariri,

Kila mnapogusia vita vya Napoleon, sifa zote humwagiwa Wellington, jenerali wa Uingereza. Naomba nafasi kidogo nimtetee Jenerali Sir John Moore, mzaliwa wa Glasgow, 1761.

Huyu ndiye aliyewanoa askari wa miguu wepesi, wale wa kwenda haraka na kupigana wakiwa wametawanyika, katika kambi ya Shorncliffe, kusini mwa Uingereza, kuanzia 1803. Alitaka askari atumie akili yake, na ofisa awajue watu wake badala ya kutegemea mjeledi. Vikosi hivyo hivyo ndivyo Wellington alivyokuja kuvitegemea Hispania.

Desemba 1808, Moore akiongoza jeshi la Uingereza huko Hispania, Napoleon, mfalme wa Ufaransa, mwenyewe alimwandama. Moore akarudi nyuma kupitia milima yenye theluji ya Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, akielekea bandari ya Corunna. Sifichi: nidhamu ilivunjika, askari walilewa na kupora vijiji, wagonjwa wakaachwa njiani. Hata mapipa ya fedha za jeshi yalisukumwa korongoni. Lawama hizo naye anazo. Lakini tarehe 16 Januari 1809 jeshi lile lile lililochakaa liligeuka, likamzuia Marshali Soult wa Ufaransa, kisha likapanda meli.

Moore hakupanda. Tufe la mzinga lilimvunja bega la kushoto. Wakati wa kubebwa, mpini wa upanga wake ulikuwa ukigonga jeraha. Ofisa mmoja akataka kumfungulia upanga huo, Moore akakataa. Alizikwa alfajiri kwenye boma la mji, amezungushiwa joho lake, bila jeneza. Na aliyeagiza awekewe kumbukumbu pale ni Soult, adui yake.

Msomaji wenu,
Morogoro