Bwana Afisa wa Misitu, mianzi haihesabiwi ukiwa kwa gari

Kwako Bwana Afisa,

Salamu kutoka huku juu Elburgon kwenye baridi. Natumai uko salama, na ile gari pia iko salama, maana Alhamisi niliiona ikigeuza pale murram inaishia, hata tope haikuiguza.

Kila nikiomba permit ya kukata mianzi jibu ni lile lile, ngoja kwanza tujue iko ngapi. Sawa. Mwaka jana kwa baraza ukasema mnakuja kuhesabu, nikapiga makofi mpaka mikono ikauma. Sasa vijana wako wamefunga kamba mita 10 kwa 10 hapo kando ya barabara, wakahesabu, wakapiga picha, wakaenda. Bwana Afisa, kando ya barabara si ndio kila mtu hukata! Na hekta moja ni viwanja 100 vya saizi hiyo, kwa hivyo mkikosa mwanzi mmoja kwa kamba yenu mmekosa 100 kwa karatasi, alafu mtuambie msitu umeisha.

Ingieni ndani, tembea tu saa moja, imesongamana mpaka unapita umeinama. Kuna machipukizi ya mwaka huu, kuna ile bado laini, kuna iliyokomaa ya miaka 3 kwenda juu ambayo ndiyo ya kukata, na kuna iliyochanua ikakufa yenyewe, imesimama hapo inaoza. Mkiandika zote kama kitu moja hiyo ni hesabu ya nini? Labda mafuta ya gari haitoshi, labda ni buti hakuna, sijui, labda mnangoja picha ya setilaiti na yenyewe inaona majani ya juu, ya chini ya miti mikubwa itaona na macho gani?

Mzee wangu alisuka vikapu vya chai mpaka 1986 serikali ikapiga marufuku kukata mianzi ya msituni. Mimi nanunua ya shamba za watu, bei inanimaliza, na wiki jana nimeshikwa na sita kavu, zile zimekufa zenyewe, nikalala ndani, kikapu hakuna, fees ya mtoto hakuna. Sita! Hizo mlizihesabu haraka.

Njoo Jumatatu, kamba nitabeba mimi, chai iko kwa thermos. Ingia ndani uhesabu, Bwana Afisa. Hata siku moja tu. Ingia.

Ni mimi msukaji vikapu, unanijua.