Mdogo wangu, kwa nini basi linaipita shule ya jirani

Mdogo wangu,

Ulinipigia ukiwa umekasirika. Shule ipo hapo hapo mtaani kwenu, lakini barua imesema mpwa wangu apande basi alfajiri aende shule ya upande mwingine wa Louisville, mji wetu huu wa jimbo la Kentucky, Marekani. Ukaniuliza kama wametufanyia hivyo kwa sababu sisi ni wakimbizi. Hapana. Mambo haya yalianza kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Kwenye simu nilikujibu kwa kifupi mno, na kanisani kila mgeni ananiuliza hilo hilo, ndiyo maana nakuandikia hadharani.

Kwanza sahau mambo ya wizara. Kule kwetu tumezoea amri itoke juu. Hapa kila eneo lina wilaya yake ya shule, yenye bodi yake, kodi yake na mabasi yake. Ya kwetu inaitwa Jefferson County Public Schools, wenyewe wanasema JCPS. Ndiyo kubwa kuliko zote Kentucky, ina wanafunzi zaidi ya 90,000, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika sana majumbani kwa watoto wake.

Zamani zilikuwa wilaya mbili: ya mji wa Louisville, na ya Kaunti ya Jefferson iliyouzunguka mji. Tangu 1904 Kentucky ilikuwa na sheria iliyoitwa Day Law, iliyokataza mweusi na mweupe kusoma pamoja, hata katika chuo cha binafsi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema 1908 kwamba sheria hiyo ni halali. Hukumu ya mahakama hiyo hiyo ya 1954 ilipoondoa ubaguzi huo shuleni, mji ulichanganya watoto 1956 bila fujo na ukasifiwa nchi nzima. Sifa za haraka, ukiniuliza. Mzazi aliruhusiwa kuomba uhamisho, na wazungu wenye uwezo walikuwa wanahamia kwenye kaunti. Muhammad Ali alimaliza Central High 1960, miaka minne baada ya huko kuchanganya, na Central ilikuwa bado shule ya weusi.

Mwaka 1975 ndio uliochora ramani unayoilalamikia. Wilaya ya mji ilikuwa imeishiwa fedha, wazungu wameondoka, na kesi ya ubaguzi iko mahakamani. Bodi yake ikaamua kujivunja, na kaunti ikalazimika kuwapokea watoto wote, sawa na ndugu aliyekuta watoto wa kaka yake mlangoni na mabegi yao. Muungano ulianza tarehe 1 Aprili. Miezi michache baadaye Jaji James Gordon akaamuru watoto wasafirishwe kwa mabasi ili shule zichanganyike kuanzia Septemba.

Unajua walichaguaje nani apande basi? Kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo! Herufi yako ndiyo iliyoamua ni miaka ipi utasoma mbali. Lakini mizani haikuwa sawa: mtoto mweupe alipangiwa mwaka 1 au 2 kati ya 12, mweusi alipangiwa miaka mingi kuliko hiyo. Hata hivyo waliofanya ghasia ni wazungu wa kusini mwa kaunti, maeneo hayo hayo ambako siku hizi wageni wengi tunapanga nyumba. Mabasi yalipigwa mawe, na Gavana Julian Carroll akaleta jeshi la akiba. Askari walipanda mabasi pamoja na watoto wa shule.

Amri ya mahakama iliondolewa 2000, lakini wilaya yenyewe ikaendelea kuchanganya kwa hiari. Mama mmoja mzungu, ambaye mwanawe alinyimwa uhamisho kwa sababu ya rangi, akashitaki. Tarehe 28 Juni 2007 Mahakama Kuu ikaamua, kura 5 kwa 4, kwamba huwezi kumpangia mtoto shule kwa kutazama rangi yake yeye binafsi. Wilaya ikageukia kutazama mtaa anaotoka: kipato cha watu wake, elimu yao, na rangi ya wakazi wa mtaa kwa jumla.

Waliochoka zaidi ni familia za weusi wa West End, yaani mitaa ya magharibi mwa mji, waliopeleka watoto mbali kwa karibu miaka 50. Bodi iliwasikia 2022, ikawapa haki ya kuchagua shule ya karibu. Mimi naona ni haki waliyocheleweshewa. Wapo wanaoogopa kwamba tutarudi kule kule kwa Day Law, safari hii bila sheria, na siwezi kuwaambia wanaota.

Kuhusu mabasi yenyewe, uwe na subira na simu yenye chaji. Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule, ratiba mpya ya mabasi, iliyopangwa kwa sababu ya uhaba wa madereva, ilivurugika, watoto wengine wakafika nyumbani karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa zaidi ya wiki. Mwaka uliofuata wilaya ikaondoa mabasi kwa shule nyingi za magnet, yaani zile zenye programu maalumu ambazo mzazi huziomba mwenyewe. Kwa hiyo ukijaza fomu ya kuomba shule nyingine, uliza basi kabla ya kuuliza sifa za shule.

Na usinung'unike jikoni tu. Bodi ina wajumbe 7 wanaochaguliwa na wananchi, na hao ndio wanaoajiri msimamizi mkuu na kupanga kodi ya mali, ambayo mwenye nyumba wako anaiingiza kwenye kodi yako ya pango. Kura hiyo utaipata ukishakuwa raia. Lakini kila shule ina pia baraza lake: mkuu wa shule, walimu 3 na wazazi 2 wanaochaguliwa na wazazi wenzao. Bunge la jimbo limelipunguzia nguvu tangu 2022, hasa kwenye mtaala, ila bado lina sauti. Na shule yenye watoto wa makundi ya walio wachache kuanzia asilimia 8, sheria inataka angalau mjumbe mmoja wa baraza atoke kwenye makundi hayo.

Uchaguzi wa wazazi wa baraza huwa kabla ya likizo ya kiangazi. Muulize katibu wa shule tarehe, omba na mkalimani, kisha unijulishe nije nikae na watoto jioni hiyo.

Kaka yako