Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha maabara na wanafunzi wako wa chuo kikuu ukaja kukaa nasi.

Mwaka huu klabu yetu iliamua kufuatilia utafiti unaofanyika hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Tulimchagua mnyama mmoja, panya, kwa sababu kwake tumeona kilimo, tiba na uokoaji vikikutana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na shamba, maana wengi wetu ni watoto wa wakulima. Mahindi hupandwa mchana, usiku panya shamba hufukua mbegu, na mzazi hulazimika kutafuta mbegu nyingine arudie kupanda wakati mvua zinamkimbia. Inakadiriwa kuwa panya huharibu wastani wa asilimia 15 ya mahindi nchini. Kwa familia inayotegemea ekari mbili, hiyo ni ada ya mtoto.

Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji hawakuishia kwenye sumu. Tangu mwaka 1994 wamekuwa wakitega panya katika eneo lile lile la utafiti, wakiwatia alama, wakiwaachia, kisha wakiwatega tena. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba vuli ikiwahi na kunyesha sana, panya wachanga hukomaa haraka na kuzaa msimu huo huo, na baadaye idadi yao hufumuka. Kwa hiyo mlipuko wa panya unaweza kutabiriwa kwa kupima mvua. Mkulima akipewa taarifa mapema, atafyeka vichaka vya kando ya shamba, atapatana na majirani wapande kwa pamoja, na atatega mitego kabla mbegu haijaingia ardhini. Katika yote tuliyosoma, utafiti huu ndio uliotugusa zaidi. Umedai subira ya miaka mingi, na faida yake ni ya mtu mwenye jembe la mkono.

Upande wa tiba, yuko panya buku. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilihamia SUA mwaka 2000 na kuanza kumfundisha kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Morogoro na kupelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Lakini kazi iliyo karibu nasi zaidi ni ya kifua kikuu. Makohozi yaliyokwisha kupimwa vituoni hupashwa moto ili vijidudu vife, kisha hupangwa chini ya matundu ya kizimba. Panya hupita akinusa, na palipo na ugonjwa husimama kwa sekunde chache. Akipatia hulishwa ndizi iliyopondwa na karanga. Sampuli 100 humchukua kama dakika 20, ilhali mtaalamu mwenye hadubini huhitaji siku kadhaa. Panya hatoi jibu la mwisho, maabara ndiyo huthibitisha. Hata hivyo, kwa maelezo ya APOPO, katika vituo wanavyoshirikiana navyo wagonjwa wanaogundulika wameongezeka kwa takriban asilimia 40. Hawa ni watu waliokwisha kuambiwa hawana ugonjwa, wakarudi nyumbani wakilala chumba kimoja na watoto wao.

Kuhusu maafa, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, nchi nzima ilifuatilia kwa uchungu juhudi za kuwafikia walionasa chini ya kifusi. Panya buku anafundishwa kazi hiyo hiyo. Hufungwa kibegi chenye kamera na kinasa sauti, hupenya mahali ambapo mbwa hapiti, na akimpata mtu huvuta kifundo shingoni ili waokoaji wasikie mlio. Bado yuko mafunzoni, nasi tunaiombea kazi hiyo ifike mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi. Kwanza, kila utafiti unaofanyika kijijini urudi kijijini kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji na zahanati, na nakala iletwe shuleni. Mengi ya haya tuliyasoma kwa Kiingereza, tukisaidiwa na walimu, wakati wazazi wetu walioruhusu mitego iwekwe mashambani mwao hawajapata kusomewa matokeo. Hili tunaliomba kwa uzito kuliko mengine. Pili, utusaidie klabu yetu ipate nafasi ya kutembelea kizimba cha mafunzo na eneo la utafiti. Tatu, tunaomba hadubini. Iliyopo inagombewa na madarasa yote, na wengi humaliza kidato cha nne bila kuona kijidudu kwa macho yao.

Tumeandaa meza ya maonyesho pale ukumbini, pamoja na kipima mvua tulichotengeneza wenyewe na daftari la vipimo vya vuli iliyopita. Tungefurahi uyakague na utusahihishe.

Tunaomba kuwasilisha.