Shukrani kwa bibi wa treni ya U8, Berlin

Jumanne jioni mwanamume alinivuta mtandio mbele ya mwanangu, akifoka nirudi kwetu. Behewa zima liliinamia simu. Wewe bibi mwenye kikapu uliinuka, ukaketi kati yetu, ukampa mwanangu tufaha na kumsemesha kama mjukuu wako. Ukapiga 110, namba ya polisi. Kituo cha Hermannplatz ulishuka nasi, ukangoja polisi kwenye baridi, ukaandikisha ushahidi. Hapo ndipo nilipolia, maana bila shahidi mambo haya huishia hewani, na sisi wavaa hijabu tunalijua hilo.

Kwa kutetemeka sikukuuliza jina. Mungu akulipe kheri, bibi. Nanyi mkimwona mtu anaonewa, kaeni karibu naye, pigeni simu, msiondoke kabla polisi hawajafika. Mwanangu bado anakuulizia.