Kwa nini hatukodishi miwani ya uhalisia pepe bila mshauri nasaha

Wazazi na walimu wanaotufuata kukodi miwani hii, inayomwonyesha mvaaji mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, huwa na swali moja. Kijana ameshaelezwa hatari za pombe, bangi na ngono zembe, tena anaweza kuzitaja zote. Mbona bado anajitosa?

Kwa kijana aliyepitia kipigo, unyanyasaji au vita, aliyoyajua darasani humtoka pale pale anapoyahitaji. Mtu akimpandishia sauti, mwili unatangulia akili: moyo unakwenda mbio, pumzi zinabana, ngumi zinajikunja. Utafiti wa daktari Vincent Felitti na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulionyesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia lolote. Mwaka 2013, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, uliingiza tabia za kujihatarisha miongoni mwa dalili za kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Kumwita kijana huyu mkaidi ni kumwonea, na hilo hatulimumunyi.

Kinachompungukia ni mazoezi ya kuamua moyo ukiwa unadunda. Hapo ndipo miwani inapofaa. Akiivaa, anajikuta kwenye sherehe ya kuigizwa, rafiki anamsogezea glasi, wengine wanamcheka. Mshauri anasimamisha mandhari na kumuuliza: unahisi nini, na unakihisi wapi mwilini? Wanarudia, safari hii akijaribu kuondoka, kuvuta pumzi taratibu, au kulitafsiri upya lile cheko. Kisha wanarudia tena. Maigizo ya ana kwa ana yanasaidia pia, ila vijana wengi huona haya, na ni vigumu damu kuchemka mtu akiwa amekaa ofisini kwa mshauri.

Mandhari zetu hazimrudishi kijana kwenye tukio lililomuumiza. Tiba ya aina hiyo ipo. Mwanasaikolojia Barbara Rothbaum na wenzake waliitumia kwa askari wastaafu wa vita vya Vietnam miaka ya 1990. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa tiba, si yetu. Hata hivyo, sherehe tu yaweza kumwamshia mtu kumbukumbu asizozitarajia, na akiwa peke yake chumbani hakuna wa kumtuliza. Ndiyo maana tunakataa kukodisha kwa matumizi ya nyumbani, hata mzazi akisihi.

Kama kijana ana kifafa, au huwa anazubaa na kujihisi yuko nje ya mwili wake, tuambieni mapema. Wengine hupata kichefuchefu, kwa hiyo vipindi vya mwanzo ni vifupi. Mshauri huivaa miwani kwanza yeye mwenyewe. Kijana naye, kabla ya kuonyeshwa mandhari yoyote, hufundishwa kuivua wakati wowote, bila kuomba ruhusa wala kutoa sababu.